Niliandikiwa Kwamba Niliondoka Mwenyewe

Karatasi ninayo mpaka leo, imekunjwa mara mbili ndani ya bahasha moja na kadi za chanjo za binti yangu mdogo. Ni nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la chumba cha dharura, katika hospitali ndogo huko Texas, Novemba 2016. Majina ya wagonjwa wengine yamefunikwa kwa wino mweusi, limebaki langu tu. Saa 1:12 usiku. Mjamzito, wiki 34, kichwa kinauma. Kisha kwenye safu ya mwisho, panapoandikwa mgonjwa aliishia wapi, pana maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: aliondoka mwenyewe kabla ya kuonwa na daktari.

Hilo neno "mwenyewe" limenikaa kooni miaka yote hii.

Tulikuwa na miaka miwili Marekani. Mume wangu alikuwa ameanza kazi mpya ghalani, na bima ya kazini ingeanza baada ya siku 90. Alikuwa amemaliza siku 20 tu. Mimba nilikuwa naihudhuria kwenye kliniki ya gharama nafuu, mara moja kwa mwezi, na mara ya mwisho muuguzi alinipima presha, akatazama, akapima tena, akasema nirudi baada ya wiki moja aiangalie vizuri. Wiki hiyo haikuisha.

Kichwa kilianza asubuhi. Nikameza dawa ya maumivu, kikatulia kidogo, kikarudi kwa nguvu. Alasiri pete ikawa haitoki kidoleni hata kwa sabuni. Jua lilipozama nikaanza kuona vimulimuli, kama mtu aliyekodolea macho taa kali kisha akayafumba. Chembe cha moyo nacho kilikuwa kinauma, upande wa kulia, chini ya mbavu. Nikasema ni kiungulia, maana mimba ya kwanza nilikuwa nacho mpaka siku ya kujifungua. Mume wangu hakunibishia. Alimpeleka mtoto kwa jirani, akarudi, akaniambia, "Vaa viatu, mama."

Hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa dakika 10. Mapokezi palikuwa na dirisha la kioo na mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, nina nini. Nikamwambia. Akauliza bima. Mume wangu akaeleza habari ya siku 90. Yule mama akaandika kitu, akainuka, akaingia ndani. Tukakaa. Juu ya kichwa changu palikuwa na bango ukutani, kwa Kiingereza na Kihispania, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Nililiona kama mtu anavyoona matangazo ya namna hiyo, yaani sikulisoma.

Aliporudi alisema kwamba hospitali ile haina wodi ya wazazi, daktari wa wajawazito hayupo, na kwamba kwenye hospitali kubwa mjini ningepata huduma nzuri zaidi. Mume wangu akauliza ni mbali kiasi gani. Maili 45. Akauliza kama kuna gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari la wagonjwa ni ghali sana kwa mtu asiye na bima, na barabarani muda huo hakuna msongamano.

Tulimshukuru. Nataka mtu aelewe jambo hilo kabla sijaendelea. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetupigia kelele, hakuna mlinzi aliyekuja kutushika mkono. Mwanamke mpole alitupa ushauri, na sisi, tuliolelewa kumshukuru anayekuelekeza njia, tukasema asante na kutoka.

Kwenye maegesho nilitapika. Mume wangu akaniuliza, "Turudi ndani?" Nikamwambia wamesema hawana daktari, twende. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hata pale kwenye maegesho nilikuwa bado mikononi mwa hospitali ile, kwani kanuni zinahesabu viwanja vyake, pamoja na maegesho na njia za kando, hadi yadi 250 kutoka jengo kuu, kama mita 230 hivi. Tulikuwa tumeegesha hatua 30 kutoka mlangoni.

Safari yenyewe siikumbuki yote. Nakumbuka taa za malori, na mume wangu akiniita kila baada ya muda, na mimi nikichelewa kujibu. Hospitali kubwa walinifunga mashine ya presha nikiwa bado kwenye kiti cha magurudumu: 188 kwa 116. Kuanzia hapo watu walianza kukimbia. Walinitundikia dripu ya magnesiamu kuzuia nisishikwe na kifafa cha mimba, na yeyote aliyewahi kuwekewa dawa hiyo anajua ule moto unaopanda kifuani hadi masikioni. Kabla ya saa 6 usiku binti yangu alikuwa ametolewa kwa upasuaji. Kilo 1.9. Alikaa siku 19 kwenye chumba cha watoto njiti.

Katikati ya mbio zile, muuguzi mmoja aliuliza maswali mawili yaliyonishangaza, maana hayakuwa ya mwili wangu. Aliuliza, kule mlikotoka, nani alikupima? Nikasema hakuna. Akauliza, walikupa karatasi gani usaini kabla ya kuondoka? Nikasema hakuna. Akayaandika majibu yote mawili, na uso wake ukabadilika.

Siku ya tano, nikiwa naweza kukaa, ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ile alikuja na kiti chake akakaa karibu na kitanda. Aligeuza karatasi ya kuagizia chakula, akachora mlango nyuma yake. Akasema: ukishavuka mlango huu na kusema unahitaji kuonwa, hospitali ina deni kwako, na deni hilo haliulizi bima, uraia wala lugha. Sheria inaitwa EMTALA. Rais Ronald Reagan aliitia saini Aprili 1986, ndani ya sheria kubwa ya bajeti, na inazibana hospitali zote zenye chumba cha dharura zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee, na hizo ni karibu hospitali zote nchini. Ilitungwa kwa sababu hospitali za binafsi zilikuwa na tabia ya kuwasukuma maskini kwenye hospitali za umma. Mwaka huohuo wa 1986 madaktari wa hospitali ya umma ya Cook County, Chicago, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliokuwa wakiletwa kwao kutoka hospitali nyingine, na kwa wengi wao sababu ilikuwa moja: hawakuwa na bima.

Deni lenyewe lina hatua, na nilimwomba anirudie mara mbili. Kwanza wakupime. Si kukuuliza maswali dirishani, wala si kuangaliwa na muuguzi anayepanga nani aingie kwanza. Kupimwa na mtu mwenye sifa, aliyeidhinishwa na hospitali, kwa vipimo walivyonavyo, hadi ijulikane kama una dharura au huna. Wanaruhusiwa kuuliza bima, lakini swali hilo lisicheleweshe kipimo. Wakikuta dharura, wakutibu hadi hali itulie. Kama hawana uwezo, hapo ndipo wanaweza kukuhamisha, na kuhamisha maana yake si kumpa mumeo maelekezo ya barabara. Daktari anatia saini kwamba faida ya kuhama inazidi hatari yake. Hospitali ya pili inapigiwa na kukubali. Kumbukumbu zako zinakwenda nawe. Unasafiri na watu na vifaa vinavyolingana na hali yako.

Nikamwambia, "Lakini hawakuwa na wodi ya wazazi."

Akanijibu kwamba mashine ya presha walikuwa nayo. Magnesiamu walikuwa nayo. Simu walikuwa nayo.

Kwa mwanamke mwenye uchungu sheria imekwenda mbali zaidi, na nadhani wengi wetu hatujui. Neno uchungu limo hata kwenye jina lake kamili. Mwenye uchungu anahesabiwa kuwa na dharura ikiwa hakuna muda wa kumhamisha salama kabla hajajifungua, au ikiwa safari yenyewe inahatarisha afya yake au ya mtoto aliye tumboni. Na kwake yeye, kutulia kwa hali kumeelezwa wazi kabisa: mtoto ametoka na kondo la nyuma limetoka. Anayetaka kukurudisha nyumbani kwa kusema ni uchungu wa uongo lazima awe amekuangalia kwa muda wa kutosha, na daktari, mkunga au mtaalamu mwingine mwenye sifa athibitishe. Mwanzoni sheria ilizungumzia uchungu uliopamba moto tu. Bunge lilipoirekebisha mwaka 1989 likaondoa mwanya huo.

Ofisa yule alinisimulia kesi ambayo wao hufundishwa. Desemba 1986, sheria ikiwa na miezi michache, mwanamke alifika hospitalini katika mji wa Victoria, hukohuko Texas, akiwa na uchungu na presha ya 210 kwa 130. Daktari wa zamu akaagiza apelekwe Galveston, maili 170. Alijifungulia ndani ya gari la wagonjwa baada ya maili 40 hivi. Mtoto alikuwa mzima. Daktari alitozwa dola 20,000, akakata rufaa, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikaikubali adhabu. Nililala na tarakimu zile kichwani, 210 kwa 130, nikizilinganisha na zangu. Yule mwanamke angalau alipewa gari na muuguzi.

Malalamiko niliandika Februari 2017, mtoto akiwa na miezi mitatu. Nilitaka kuandika kurasa nyingi. Nikashauriwa niandike saa, maneno na watu: nani alisema nini, muda gani, nilikuwa na dalili gani. Yanapelekwa kwa wakala wa jimbo anayesimamia hospitali, au kwa idara ya shirikisho inayoendesha Medicare, na mtu anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Si lazima awe mgonjwa mwenyewe. Hata muuguzi wa hospitali husika anaweza kulalamika, na sheria inakataza aadhibiwe kwa hilo. Na hospitali inayompokea mgonjwa, ikiwa na sababu ya kuamini kwamba aliletwa kinyume cha taratibu hali yake ikiwa haijatulia, nayo inapaswa kutoa taarifa ndani ya saa 72. Ndipo nikaelewa kwa nini uso wa yule muuguzi ulibadilika aliposikia majibu yangu.

Wakaguzi walikwenda bila kutangaza. Walidai daftari, walihoji wafanyakazi. Na daftari lilisema niliondoka mwenyewe.

Huu ndio ugumu ambao sikuutarajia. Kwa karatasi, hospitali haikunikatalia chochote. Mgonjwa alifika, akaandikishwa, akaondoka kwa hiari. Wapo wengi wanaoondoka hivyo kila siku kwa kuchoka kusubiri, na kwa mtu anayesoma mstari ule miezi mitatu baadaye, mimi ni mmoja wao. Kilichoniokoa ni vitu viwili vidogo. Kimoja ni yale majibu mawili aliyoyaandika muuguzi wa hospitali kubwa usiku uleule, kabla mtu yeyote hajafikiria malalamiko. Cha pili ni ujumbe wa simu ambao mume wangu alimtumia jirani kutoka kwenye maegesho: "Wamesema hapa hawana daktari wa wajawazito, wametuambia twende mjini, tutachelewa kumchukua mtoto." Ulikuwa na saa yake, 1:31. Nilitafsiri ujumbe ule kwa Kiingereza, nikaambatanisha.

Barua ilikuja baada ya miezi kadhaa. Ukaguzi ulikuta kwamba sikufanyiwa kipimo ambacho sheria inakidai, na hospitali ikatakiwa kuwasilisha mpango wa kujirekebisha. Kwa hospitali hilo si dogo, kwa sababu inayoshindwa kujirekebisha inaweza kuondolewa kwenye Medicare, na bila Medicare hospitali nyingi hazifiki mwisho wa mwaka. Kwangu mimi barua haikuja na fidia wala na samahani. Nilidhani kesi ya fidia nayo imo humohumo, inaendelea chinichini. Haimo. Malalamiko ni njia moja, mahakama ni njia nyingine, na mahakamani sheria hii inatoa miaka 2 tu tangu siku ya tukio. Nilipoingia ofisi ya wakili binti yangu alikuwa na miaka 2 na nusu. Wakili alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akaniuliza tarehe.

Nalitaja hili kwa uchungu kwa sababu nimekutana na kina mama wawili waliofanya kosa hilohilo baada yangu.

Kuhusu gharama niseme kifupi, maana ndiyo hofu inayotutoa mlangoni. EMTALA haisemi matibabu ni bure. Inasema utatibiwa kwanza. Bili ilikuja, na ilikuwa na tarakimu zilizotunyima usingizi. Lakini kuna Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ndani yake Medicaid ya dharura, inayoweza kulipia dharura na kujifungua hata kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji hazimruhusu kupata Medicaid ya kawaida, mradi kipato chake ni kidogo. Na hospitali zisizo za faida zinatakiwa kuwa na mpango wa kusaidia wasio na uwezo. Mgonjwa ndiye anayepaswa kuuliza, na fomu ni ndefu. Sisi tulijaza kwa siku tatu. Sehemu kubwa ya bili ilifutwa.

Mwaka 2019 nilisomea ukalimani wa hospitali. Sasa ndiyo kazi yangu, mara nyingi kwa simu au kwa video, Kiingereza na Kiswahili, kwa hospitali za majimbo mbalimbali. Wengi ninaowasemea ni wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, wengine Watanzania, Wakenya, Warundi. Haki ya mkalimani haitoki kwenye EMTALA. Inatoka kwenye Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na kwenye kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani mwenye ujuzi, bila malipo, na haipaswi kumtumia mtoto wako kama mkalimani, isipokuwa maisha yakiwa hatarini na hakuna mwingine kwa wakati huo. Bado napigiwa simu na kukuta msichana wa miaka 11 ndiye aliyekuwa akieleza damu ya mama yake kwa nusu saa.

Kazi hii imenionyesha jinsi dharura inavyopotea katikati ya lugha mbili. Mwanamke anasema chembe cha moyo kinauma. Mtu anayetafsiri neno kwa neno atasema moyo, na wataanza kutafuta ugonjwa wa moyo, kumbe ni pale juu ya tumbo, mahali ambapo ini hulalamika presha ya mimba inapozidi. Mwingine anasema chupa imepasuka. Nimeambiwa na mkunga mmoja kwamba aliwahi kuletewa mgonjwa aliyeandikwa kuwa na jeraha la kioo. Mwingine anasema "naona giza," na kwetu hilo linaweza kuwa kizunguzungu, linaweza kuwa njaa, au macho yenyewe yanafifia. Mjamzito mwenye kichwa kisichotulia na macho yanayofifia hafai kukaa kwenye kiti cha kusubiri. Ukiweza, sema namba: wiki za mimba, tangu saa ngapi, pedi ngapi zimelowa kwa saa. Namba haipotei kwenye tafsiri.

Na sema maneno haya, kwa lugha yoyote uliyonayo: mimi ni mjamzito, nahitaji kupimwa na daktari. Wakikushauri uende kwingine kabla ya kupimwa, uliza: je, mmeshanipima? Kama mnanihamisha, nani ametia saini, na kule wamekubali kunipokea? Waulize kwa heshima, na ukae hapohapo ulipo. Ukiombwa kusaini kwamba unakataa matibabu, usisaini kama hujakataa. Mtu wa nyumbani aandike saa kwenye simu. Mume wangu hakujua kwamba ujumbe wake kwa jirani ungekuwa ushahidi. Wewe sasa unajua.

Tangu mwaka 2022 kumeongezeka jambo jingine, na siwezi kulikwepa kwa sababu nalisikia kazini. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, Juni 2022, Texas na majimbo mengine yalipiga marufuku karibu kabisa. Likazuka swali: mama ambaye chupa imepasuka wiki ya 17, au anayevuja damu mimba ikiwa bado ina mapigo, na tiba ya kumtuliza ni kuitoa mimba hiyo, daktari afuate sheria ipi? Julai 2022 serikali kuu ilitoa mwongozo kwamba EMTALA inatangulia. Texas ikaenda mahakamani, na Januari 2024 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba EMTALA hailazimishi utoaji mimba. Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi hiyo Oktoba 2024. Kesi ya Idaho ilifika Mahakama Kuu ikarudishwa chini Juni 2024 bila jibu. Mwongozo wa 2022 ulifutwa mwaka 2025. Sheria yenyewe haikubadilishwa hata neno moja, lakini madaktari wameona mvutano huo wote, na hofu yao inaingia chumbani pamoja nao. Naisikia kwenye pumzi zao kabla hawajajibu.

Bado kuna mambo ambayo hayana ubishi, hata Texas. Kukupima ni lazima. Kuondoa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba hakuhesabiwi kuwa utoaji mimba katika sheria ya jimbo, wala kuondoa mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Na mwaka 2025 bunge la Texas lilifafanua kwamba daktari hahitaji kungoja mpaka kifo cha mama kiwe kimekaribia ndipo amtibu. Mwanamke anayeambiwa "tunasubiri tuone" ana haki ya kuuliza wanasubiri kuona nini: homa ifike ngapi, damu kiasi gani, presha ngapi, ndipo wafanye uamuzi? Na jibu liandikwe kwenye faili lake. Kwangu, mama asiyejibiwa swali hilo hajahudumiwa, hata kama amelazwa kwenye kitanda kizuri.

Binti yangu sasa ni mrefu kuliko dada yake alivyokuwa katika umri wake. Mwenyewe anapenda kuambiwa kwamba alikuwa mdogo kiasi cha kulala kwenye mkono wa baba yake.

Mkalimani haruhusiwi kushauri. Tunaapa hivyo na ni sawa: sauti yangu ni ya kubeba maneno ya mwingine, siongezi wala sipunguzi. Nikisikia mapokezi yanamwambia mama kwamba pengine angehudumiwa vizuri zaidi hospitali nyingine, nalitafsiri hilo kwa upole uleule uliotumika, na moyo wangu unadunda. Ndiyo maana nayaandika huku nje, ninakoweza kusema kwa kinywa changu.

Kuna simu moja ambayo sitasema ilitoka jimbo gani wala mwaka gani. Mwanamke alikuwa dirishani, mjamzito, kichwa kinamuuma tangu jana. Mtu wa mapokezi alikuwa ameshaanza kumweleza njia ya kwenda hospitali nyingine, nami nikaitafsiri, mkono wa kulia, taa ya pili. Akanyamaza. Kisha, akiwa ametambua lafudhi yangu, akaniambia mimi, si wao: "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Taratibu ni kwamba kila kinachosemwa kinatafsiriwa. Nikakitafsiri. Nikasema kwa Kiingereza, mgonjwa ameniuliza mimi mkalimani, ningekuwa yeye ningefanya nini, na mimi siruhusiwi kumjibu.

Upande wa pili kukawa kimya. Nikasikia kiti kikisogezwa, na sauti nyingine, ya muuguzi, ikiuliza ni wa wiki ngapi. Nikatafsiri. Wiki 33. Sauti ile ikasema, mwambie asiende popote, nakuja na mashine ya presha.

Nikamwambia.